Kigunduzi kipi cha nyutrino za Jua: klorini na gali, maji, maji mazito, au mafuta ang'avu?

Vijana wa klabu yetu ya sayansi hapa Mbeya wamekubaliana mada ya maonyesho: nyutrino za Jua, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, na namna zinavyokamatwa chini ya ardhi. Wasichokubaliana, na hii ni wiki ya tatu, ni kigunduzi kipi watengeneze mfano wake. Mmoja anataka tangi la klorini kwa sababu ndilo lililotangulia. Mwingine kashikilia tangi la Japani, picha zake zimemkaa kichwani. Wawili wanasema bila maji mazito hadithi haina mwisho. Walimu wenzangu wa Iringa na Njombe nao wameniuliza swali hilo hilo, kwa hiyo naandika kwa wote mliokwama hapo.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachotafutwa. Kwenye kiini cha Jua protoni zinaungana kuwa heliamu, na kila heliamu moja ikikamilika nyutrino mbili zinatoka. Mwanga unaozaliwa humo hugongwagongwa makumi ya maelfu ya miaka kabla ya kufika juu. Nyutrino hazina subira hiyo. Zinatoka kwenye Jua kwa sekunde mbili hivi, na baada ya dakika nane na kidogo ziko hapa. Ukucha wa kidole gumba chako unapitiwa na zaidi ya bilioni 60 kila sekunde, mchana na usiku. Jua likizama hapa Mbeya mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni, kule Kamioka, Japani, saa sita ya usiku imeshapita, na tangi lao linapokea nyutrino za Jua kutokea chini, zikiwa zimeshapenya dunia nzima.

"Mwalimu," binti wa kidato cha tano aliniuliza, "kama dunia nzima haizizuii, tangi litazizuiaje?" Haliwezi. Linachofanya ni kuweka mamia au maelfu ya tani za kitu kimoja mahali pamoja na kungoja, kwa kuwa katika wingi usiohesabika, moja moja hugonga. Kazi ngumu ni kuhakikisha kilichogonga ni nyutrino. Kunjua kiganja chako: kila sekunde hupitiwa na muoni moja hivi, chembe zinazozaliwa angani juu. Kwenye tangi lililoachwa juu ya ardhi, vishindo vya muoni vingefunika kabisa kile kishindo kimoja cha nyutrino. Mwamba unazichuja muoni, nyutrino unaziachia. Ndiyo maana wanashuka mgodini au kuingia chini ya mlima. Kama unataka kukiona kina hicho kwa macho, simama mjini uutazame Loleza: kilele chake kiko karibu kilomita moja juu ya mitaa yetu, na tangi la Kamioka limefunikwa na mwamba wa unene kama huo.

Vigezo vya kupimia

Napima kila njia kwa mambo matano. La kwanza ni nishati: inaona nyutrino za nguvu kiasi gani? Nitatumia MeV, yaani elektronivolti milioni moja. Zaidi ya tisa katika kila kumi zinazotoka kwenye Jua zinatokana na muungano wa protoni mbili na hazivuki 0.42 MeV. Za beriliamu zina 0.86. Za boroni hufika karibu 15, lakini hazifikii moja katika kila elfu kumi. La pili ni saa na upande: kigunduzi kinajua nyutrino iligonga lini na ilitoka wapi? La tatu ni aina, kwa sababu nyutrino ziko tatu, ya elektroni, ya muoni na ya tau, na Jua huzalisha ya elektroni tu. La nne ni kina na usafi. La tano ni letu sisi: mfano wake utakaaje juu ya meza, kwa vifaa vinavyopatikana na bila kumdhuru mtu?

Klorini na gali: njia ya kuchenjua

Kaka yangu anafanya kazi ya uchenjuaji Makongorosi, Chunya. Nilipokuwa namsimulia kazi ya Raymond Davis, mkemia wa Marekani, alinikatiza: "Kumbe ni kaboni tu." Hakuwa mbali na ukweli. Davis aliweka tani 615 za tetrakloroethilini, kimiminika cha kufulia nguo kwa njia kavu, kwenye mgodi wa dhahabu wa Homestake, Dakota Kusini, karibu mita 1,480 chini. Nyutrino ikiigonga atomi ya klorini-37, inaigeuza kuwa agoni-37. Baada ya wiki kadhaa gesi ya heliamu inapitishwa kwenye tangi lote ili izoe hiyo agoni, kisha agoni inanaswa kwenye mkaa uliopozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, kama vile dhahabu inavyonaswa na kaboni kwenye matangi ya Chunya. Tofauti ni kwamba hapa unachenjua atomi za kuhesabu kwa vidole. Agoni hiyo huoza, nusu yake ikiisha ndani ya siku 35, na kila inapooza kipimo kidogo kinanukuu mlio mmoja. Kwa takriban miaka 30 zilikamatwa nyutrino kama 2,000 hivi.

Kwa nishati, klorini inaanzia 0.81 MeV. Kwa hiyo lile kundi kubwa la protoni mbili haiioni kabisa, na nyingi inazozikamata ni za boroni. Gali ndiyo iliyoziba pengo hilo, maana inaanzia 0.23. Jaribio la GALLEX lilitumia tani 30 za gali zikiwa ndani ya mmumunyo wa kloridi, chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, kuanzia 1991. Jaribio jingine, SAGE, lilitumia metali yenyewe, kama tani 50, huko Baksan kwenye milima ya Kaukazi. Gali hugeuka gerimani-71, na nusu yake huoza kwa siku 11 hivi.

Saa na upande, hakuna. Unafungua tangi na kujua kilichoingia tangu ulipolifungua mara ya mwisho, basi. Aina, ni ya elektroni peke yake, na hapo ndipo fumbo lilipozaliwa: Davis alipata kama theluthi moja ya hesabu za John Bahcall, mwanafizikia aliyekokotoa Jua linapaswa kutoa nyutrino ngapi, na gali ikatoa zaidi kidogo ya nusu. Miaka mingi watu walidhani labda agoni ilikuwa inampotea. Yeye kila mara alitia kiasi kinachojulikana cha agoni tulivu tangini na kupima kilichorudi, na kilikuwa kinarudi. Nawaambia vijana wangu waikumbuke hatua hiyo kuliko hata Nobeli aliyopewa 2002, kwa sababu ndiyo iliyomruhusu kusimama na namba yake wakati karibu kila mtu anaitilia shaka.

Mezani ni rahisi kuliko zote: ungo, mchele wa Kyela, na punje kumi zilizopakwa rangi zilizochanganywa humo. Mgeni achambue, ninyi mshike saa. Tahadhari moja, msitafute kile kimiminika cha kufulia. Ni sumu, na mvuke wake haufai darasani. Njia hii inawafaa vijana wa PCB na CBG wanaoipenda kemia, na klabu isiyo na umeme wa uhakika.

Maji ya kawaida: njia ya mwanga wa duara

Wengi hupendea hapa, na sioni kosa. Super-Kamiokande ni tangi la tani 50,000 za maji safi, kimo mita 41, upana mita 39, limezungukwa ndani na balbu zaidi ya 11,000. Nasema balbu kwa sababu ya umbo, lakini kazi yake ni kinyume cha taa: inapokea mwanga, hata ulio hafifu kabisa, na kuugeuza mshtuko wa umeme. Kila moja ina upana wa nusu mita.

Nyutrino inaigonga elektroni iliyomo kwenye maji na kuisukuma mbele. Ndani ya maji mwanga wenyewe hupunguza mwendo hadi kilomita 225,000 hivi kwa sekunde, na elektroni hiyo inaupita. Aliyewahi kukaa ufukweni Matema akaitazama boti ya injini ikikata Ziwa Nyasa anajua kinachofuata. Boti ikiyapita mawimbi yake, mawimbi yanajipanga nyuma yake kama herufi V. Mwanga nao hujipanga hivyo, ila kwa kuwa pande zote ni maji, unakuwa koni ya rangi ya buluu inayotua ukutani kama pete. Pete iko wapi, imewaka saa ngapi, imeinama upande gani: hayo yakisomwa, njia ya elektroni inajulikana.

Kwa hiyo kwenye saa na upande njia hii imebarikiwa. Elektroni husukumwa kuelekea kule nyutrino ilikokuwa inakwenda, na ukikusanya matukio ya miaka utaona yanarundikana upande uliopewa kisogo na Jua. Wamechora picha ya Jua kwa namna hiyo, saa za usiku zikiwemo. Kwenye nishati inabanwa. Mionzi ya asili ndani ya maji huziba kila kitu cha chini, kwa hiyo kipimo kilianzia karibu 5 MeV na baadaye kikashushwa hadi 3.5. Hapo ni boroni tu, kama matukio 15 kwa siku ndani ya tangi lote hilo. Aina zote tatu zinaweza kugonga elektroni, lakini zile mbili nyingine zinagonga kwa nadra, kama mara moja kwa sita, na tangi halina namna ya kuzitenga. Jumla yake ilitoka chini kidogo ya nusu ya matarajio.

Kuna jambo ambalo picha zile nzuri hazionyeshi. Tarehe 12 Novemba 2001, tangi likijazwa tena baada ya matengenezo, balbu moja ilipasuka ndani ya maji. Wimbi la mshtuko likapasua ya jirani, nayo ya jirani yake, hadi zaidi ya 6,000 zikaisha kwa sekunde chache. Wanasayansi wa tangi hilo walizipanga upya balbu zilizobaki, wakazivika ganda la kinga kila moja, na kufikia 2006 kuta zilikuwa zimejaa tena. Mkitengeneza mfano huu, tengeni nafasi ya kusimulia hilo.

Mezani: pipa la plastiki lililopakwa rangi nyeusi ndani, tochi iliyofunikwa kwa kadibodi yenye tundu la duara jembamba, na vile vipokea mwanga vidogo vinavyotumika kwenye taa za nje zinazojiwasha jioni. Unganisheni kila kimoja na kitaa chake nje ya pipa. Tochi ikielekezwa kushoto, mgeni anaona vitaa vya kushoto vinabadilika bila kuchungulia ndani, na anaweza kukuambia mwenyewe tochi inatazama wapi. Inawafaa PCM, wanaopenda saketi, na yeyote anayetaka mgeni aondoke ameguswa na kitu alichokiona.

Maji mazito: njia ya kuhesabu zote

Nianze na meza, kwa kuwa hapa meza inaeleza fizikia yenyewe. Mwezi uliopita kijana mmoja alileta maharage kutoka soko la Mwanjelwa: ya njano, mekundu na ya kijivu. Akahesabu tisini ya njano mbele yetu, akayafunga kwenye mfuko, akasema, "Haya yametoka Mbozi." Akageuka kidogo. Alipotukabidhi, tulihesabu ya njano tukapata thelathini. Darasa zima likamwona mwizi. Ndipo akauweka mfuko mzima kwenye mzani: uzito ulikuwa ule ule. Hakuna kilichoibiwa. Sitini yalibadilika rangi njiani.

Hicho ndicho kilichofanyika Sudbury, Kanada, zaidi ya mita 2,000 chini, ndani ya mgodi wa nikeli wa Creighton ambao wachimbaji walikuwa wanaendelea nao. Kigunduzi cha huko, SNO, kilikuwa na tani 1,000 za maji mazito, yaliyothaminiwa dola za Kanada milioni 300 na waliyoyaazima tu, ndani ya tufe la akriliki lenye upana wa mita 12. Kwenye maji mazito haidrojeni imebeba nyutroni ya ziada. Nyutrino ya elektroni inaweza kuigeuza nyutroni hiyo kuwa protoni na kutoa elektroni: huko ndiko kuhesabu ya njano. Nyutrino ya aina yoyote, bila upendeleo, inaweza kuivunja ile jozi ya protoni na nyutroni na kuiachia nyutroni huru: huo ndio mzani. Tangi moja lina vipimo viwili, na jibu linatokana na kuvilinganisha. Mwaka 2002 walitangaza kuwa jumla ya nyutrino za boroni ni takriban milioni 5.1 kwa kila sentimita ya mraba kwa sekunde, karibu sawa na hesabu za Bahcall, na za elektroni kati ya hizo ni milioni 1.8 tu. Zile nyingine zilikuwa zimegeuka, na kwa hizi zenye nguvu kubwa mgeuko unaanzia humo humo ndani ya Jua. Davis alikuwa sahihi, na Bahcall naye pia. Arthur McDonald wa SNO aligawana Nobeli ya 2015 na Takaaki Kajita, ambaye kazi yake ilifanyika kwenye lile tangi la Kamioka, ila kwa nyutrino zinazozaliwa angani, siyo za Jua.

Nishati: boroni tu, kama maji ya kawaida. Saa inaijua, upande inaujua kwa sehemu, maana elektroni za mgeuko hazifuati njia ya nyutrino kwa unyoofu ule. Usafi ulikuwa wa kuchosha: vumbi la mgodi lina urani na thori, zinazotoa mionzi, kwa hiyo kila aliyeshuka alioga na kubadili nguo kabla ya kuingia maabara. Kazi ilianza 1999 ikaisha 2006, na maji yakarudishwa kwa wenyewe.

Mfano huu haung'ari. Unahitaji kijana anayeweza kusimama na kuongea, kwa sababu mfuko wa maharage peke yake ni maharage. Ukiwa naye, unatosha.

Mafuta ang'avu: njia ya kimya

Chukua glasi ya maji, tia kijiko cha sabuni ya unga, zima taa, kisha imulike kwa ile taa ya zambarau ambayo mawakala wa fedha hukagulia noti. Maji yanawaka buluu. Sabuni ina kemikali inayomeza nishati isiyoonekana na kuitoa kama mwanga unaoonekana. Borexino, chini ya mwamba wa mita 1,400 pale Gran Sasso, ilifanya vivyo hivyo kwa tani karibu 280 za mafuta maalumu: nyutrino inaisukuma elektroni, elektroni inapita kwenye mafuta, mafuta yanameta, balbu 2,212 zinauona mwanga.

Mafuta humeta zaidi sana kuliko maji, kwa hiyo nishati ya chini inaonekana. Hapo njia hii haina mshindani kati ya zinazopima papo kwa papo. Ilizipima za beriliamu kuanzia 2007, zile za protoni mbili mwaka 2014, na mwaka 2020 ikatangaza zile za mzunguko wa kaboni, nitrojeni na oksijeni, unaochangia kama asilimia moja ya nishati ya Jua. Inajua saa, upande inaupoteza, kwa kuwa mmeto husambaa pande zote. Aina haizitengi.

Gharama yake ni usafi. Maji ya kunywa ya kawaida yana mionzi ya asili zaidi ya mara bilioni moja kuliko mafuta yale yaliyoruhusiwa kuwa nayo. Hata joto lilikuwa adui: tofauti ndogo kati ya juu na chini ya tangi iliyafanya mafuta kuzunguka na kubeba poloni, yenye mionzi, kutoka kwenye mfuko wa nailoni uliokuwa umeyashika. Wakalivisha tangi lote blanketi la kuzuia joto, kama tunavyojifunika sisi hapa Mbeya mwezi Julai, mafuta yakatulia, na zile nyutrino za mzunguko wa kaboni zikaonekana. Kazi ilifungwa 2021. Njia yenyewe inaendelea kwa ukubwa mwingine, JUNO ya China, tani 20,000, iliyoanza kupima 2025.

Inawafaa wenye chumba kinachoweza kuzimwa taa, na vijana wasio na haraka. Wasiitazame taa ya zambarau moja kwa moja.

Kwa hali yako

Kama mna wiki mbili na hamna fedha, chukueni ungo na mchele, mtumie muda uliobaki kujifunza kueleza maana ya nusu ya agoni kuisha ndani ya siku 35.

Kama mnakwenda Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, ambako wageni wanapita kwa mamia na mchana ni mwangavu, msichukue sabuni na taa ya zambarau, hakuna atakayeona kitu. Pipa la vitaa litafanya kazi hata penye kelele, na watoto wa shule ya msingi wataliendesha wenyewe.

Kama waamuzi ni walimu wa fizikia na mnapewa dakika kumi za kujieleza, maharage. Lakini mfanye na hesabu: milioni 1.8 kwa 5.1, mbele yao, ubaoni.

Kama anayechagua ni mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita anayefikiria kuisomea fizikia chuoni, swali ni lipi linamkera. Anayetaka kujua Jua linawakaje, asome Borexino na gali, kwa kuwa ndizo zilizogusa moto wenyewe. Anayetaka kujua nyutrino ni kitu gani, asome SNO. Anayependa vyombo, kuunda kitu na kukirekebisha kikivunjika, Kamioka ina ya kumfundisha miaka mingi.

Na kama mko kundi la kumi na wawili na hamkubaliani, kama wangu, jigaweni. Sisi Jumamosi hii tunapanga meza mbili tu, ungo upande wa kushoto na mfuko wa maharage upande wa kulia, na yule binti aliyeuliza lile swali la tangi ndiye atakayemtoa mgeni kwenye meza ya kwanza na kumfikisha ya pili.